Kabla Hujagombana na Nesi, Uliza Mwongozo Unasemaje

Usiku mmoja wa masika nilikuwa katika wodi ya watoto ya hospitali moja ya wilaya, nimemsindikiza dada yangu aliyelazwa na mwanawe wa miaka miwili. Mtoto alikuwa na homa kali, viganja vya baridi, anahema mbiombio. Kipimo kilikuwa kimeonyesha malaria. Sindano ya kwanza alikwisha kuchomwa, oksijeni amewekewa, na nesi hakukaa mbali: kila mara alirudi, akamshika vidole vya miguu kuona kama vimepata joto, akahesabu pumzi huku macho yakiwa kwenye saa ya ukutani, akaandika.

Bibi wa mtoto hakuridhika. "Mtoto anatufia hivi hivi, hata dripu hajatundikiwa?" Sauti ilipanda, na akina mama wa vitanda vya jirani wakamuunga mkono. Kwetu mgonjwa asiye na dripu ni kama hajatibiwa.

Nesi hakumjibu kwa ukali. Alitoa mfukoni kijitabu chenye jalada lililochakaa, akafungua ukurasa uliokunjwa pembe, akaweka kidole juu ya mistari. "Bibi, shikamoo. Mtoto huyu haharishi wala hatapiki. Tukimjaza maji mengi kwa haraka tunaweza kumdhuru. Akishindwa kunywa, tutamtundikia ya polepole, kwa kipimo. Mwongozo ndivyo unavyotuelekeza." Bibi aliketi, shingo upande. Siku ya nne tulirudi nyumbani na mtoto wetu.

Mistari ile iliyomtuliza bibi ilitoka mbali. Nyuma yake kulikuwa na maelfu ya watoto, miaka ya ubishi, na vikao vya wataalamu waliokubali kubadilisha walichokuwa wamekiamini tangu shule ya udaktari. Nataka kukueleza, ndugu msomaji, maarifa hayo yanavyopatikana na yanavyofika kitandani, kisha nikushauri la kufanya nayo. Ukijua mwongozo wa matibabu ni kitu gani, utajua namna ya kuuliza, na kuuliza vizuri kunaweza kuokoa maisha.

Dripu iliyopimwa Muheza, Kilifi na Mbale

Kwa miongo mingi madaktari duniani walifundishwa kwamba mtoto mwenye homa kali ambaye damu yake haizunguki vizuri ajazwe maji ya mshipani kwa haraka. Wachache walikuwa na shaka. Lakini fundisho hilo lilikuzwa katika nchi zenye vyumba vya wagonjwa mahututi na mashine za kupumulia, na halikuwahi kupimwa ipasavyo kwa watoto wa Afrika wenye malaria kali au maambukizi makali ya damu.

Mwaka 2009 utafiti ulioitwa FEAST ulianza katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, zikiwemo za Kilifi, Muheza, Mbale na Soroti. Watoto 3,141 waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walijazwa maji kwa haraka, wengine walipewa maji ya kawaida ya polepole. Wote walipata dawa na uangalizi uleule.

Nyuma ya utafiti kulikuwa na jopo ambalo wagonjwa hawalioni. Ni kamati huru ya wataalamu ambao kazi yao ni kusoma takwimu kadiri zinavyoingia, wakiwa na mamlaka ya kushauri kazi isimamishwe mgonjwa akianza kuumia. Januari 2011 kamati hiyo ilisema basi. Ndani ya saa 48, katika kila watoto 100 waliojazwa maji haraka walifariki takriban 11. Katika kila 100 ambao hawakujazwa walifariki takriban 7. Maji yaliyodhaniwa kuokoa yalikuwa yanaua.

Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Hapa wazee wengi wa tiba walikuwa wamekubaliana, na neno likaharibika, kwa kuwa walikubaliana kabla ya kupima. Matokeo yalipochapishwa mwaka huohuo, wataalamu wengi hawakuamini, na ubishi ukaendelea kwa miaka. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo mpya wa huduma ya dharura kwa watoto, uliopunguza sana matumizi ya maji ya haraka na kueleza kwa masharti makali ni mtoto yupi anayastahili. Kutoka hapo, kupitia wizara za afya na mafunzo ya wodini, neno hilo lilifika kwenye kijitabu cha mfukoni cha nesi wetu.

Naomba hapa usikilize kwa makini. Utafiti ule haukuhusu watoto wanaoharisha na kutapika hadi wakakauka, wala wenye utapiamlo mkali. Mtoto anayeharisha anahitaji maji: apewe maji ya chumvichumvi ya kunywa na madini ya zinki, na akizidiwa apelekwe hospitali ambako anaweza kuhitaji dripu haraka. Usichukue neno la mgonjwa mmoja ukampa mwingine. Kosa hilo ndilo majopo ya wataalamu wanaoandika miongozo yanajitahidi kulizuia.

Jopo linavyofikia uamuzi

Watu wengi wakisikia "wataalamu wamesema" huwaza wazee wenye miwani wanaopiga kura kwa kufuata maoni yao. Zamani mambo yalikuwa karibu na hivyo. WHO yenyewe ilikosolewa kwa kutegemea mno maoni ya wataalamu bila kupitia ushahidi kwa utaratibu, na mwaka 2007 iliunda kamati ya ndani ya kukagua miongozo yake kabla haijatolewa.

Siku hizi jopo zuri hufuata hatua zinazojulikana. Huanza na swali lenye mipaka: mgonjwa wa aina gani, tiba gani, ikilinganishwa na ipi, na tunatazama matokeo gani? Kisha tafiti zote za swali hilo hukusanywa, ziwe zinaipendeza tiba au zinaipinga, na ubora wake hupimwa. Ushahidi hupangwa katika ngazi nne: wa uhakika mkubwa, wa wastani, mdogo, na mdogo sana. Kila mjumbe hutangaza maslahi yake. Aliyelipwa na kampuni ya dawa husema, na inapobidi hukaa kando dawa hiyo inapojadiliwa. Mezani huwa na madaktari, wauguzi, wafamasia, wajuzi wa takwimu na, katika majopo mazuri, wagonjwa wenyewe.

Mwisho hutolewa pendekezo, na mapendekezo huwa ya uzito wa aina mbili. Pendekezo zito humaanisha karibu kila mgonjwa wa aina hiyo atafaidika, kwa hiyo tabibu hana sababu ya kusita. Pendekezo lenye masharti humaanisha faida na madhara yanakaribiana, au ushahidi ni haba, hivyo hali yako, kipato chako na unachokithamini vina nafasi katika uamuzi. Tofauti hii ni muhimu kwako. Pale pendekezo linapokuwa na masharti, daktari anapaswa kukaa nawe mkashauriana, na wewe una haki ya kusema.

Pendekezo la dunia haliingii wodini peke yake. Wizara ya afya ya kila nchi huita wataalamu wake walitazame upya: dawa hiyo ipo? Bajeti inatosha? Zahanati ya kijijini itaweza? Tanzania ina mwongozo wa taifa wa matibabu unaokwenda sambamba na orodha ya dawa muhimu. Kenya ina kijitabu cha itifaki za msingi za watoto, ambacho hupitiwa na kuchapishwa upya kila baada ya miaka kadhaa. Ndiyo maana tiba uliyopewa Mombasa inaweza kutofautiana kidogo na uliyopewa Tanga bila yeyote kukosea.

Wanawake waliokwenda Kigali

Usidhani jopo ni la kusikilizwa tu. Mwaka 2018 watafiti wa Botswana waliona dalili ya kutisha: miongoni mwa akina mama 426 waliokuwa wakitumia dolutegraviri, dawa mpya ya kufubaza virusi vya UKIMWI, kabla ya kushika mimba, watoto wanne walizaliwa na kasoro ya ubongo au uti wa mgongo. Idadi ilikuwa ndogo, lakini ilitosha kuwashtua wasimamizi wa afya. WHO ikatoa tahadhari, na katika nchi kadhaa wanawake walio katika umri wa kuzaa walianza kunyimwa dawa hiyo, hata wale wasiokusudia kuzaa.

Dawa yenyewe ilikuwa bora: inafubaza virusi haraka, na virusi haviizoei kwa urahisi. Julai 2018 wanawake 39 wanaoishi na VVU, kutoka nchi 18 za Afrika, walikutana Kigali. Walichodai kilikuwa wazi: tupeni taarifa kamili, tupeni uzazi wa mpango kwa anayeutaka, kisha mtuachie tuchague wenyewe. Hawakuikana hatari. Walikataa kuamuliwa na watu ambao hawakuwauliza.

Watafiti waliendelea kuhesabu. Kufikia mwaka 2019, akina mama waliofuatiliwa walikuwa wamezidi 1,600, na kiwango cha kasoro kilikuwa kimeshuka hadi takriban watoto 3 katika kila 1,000. Julai mwaka huo WHO ilipendekeza dolutegraviri iwe chaguo la kwanza kwa watu wazima wote, wanawake wakiwemo.

Hapa pana mafunzo mawili. La kwanza, mwongozo kubadilika si dalili kwamba madaktari wanabahatisha. Wa kuogopwa ni mwongozo usiobadilika hata ushahidi ukija. La pili, anayeishi na ugonjwa ana ujuzi ambao profesa hana: anajua foleni ya kliniki, anajua hofu ya kuonekana na vidonge, anajua mume atasema nini. Chama chako cha wagonjwa kikialikwa kutoa maoni juu ya mwongozo, msiende kujaza viti. Nendeni na maneno yenu.

Karatasi haitibu bila shuka

Kuna umbali mrefu kati ya kitabu na kitanda. Kwa miaka mingi ilikuwa imeandikwa kwamba mama aliyejifungua akipoteza damu nusu lita au zaidi, atibiwe mara moja. Wakunga walijua. Tatizo ni kwamba damu ilikadiriwa kwa macho, tena kwenye kanga, kwenye pamba, sakafuni. Jicho hudanganya. Mama alikuwa anakwisha huku kila mtu akidhani ni damu ya kawaida ya uzazi.

Utafiti wa E-MOTIVE ulifanyika katika hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2023. Wanawake waliohusika walizidi 210,000. Kifaa kikuu kilikuwa shuka la plastiki analowekewa mama chini ya makalio mara mtoto anapotoka. Shuka hilo lina mfuko mbele, na mfuko una mistari ya kipimo. Damu inajikusanya, mkunga anasoma mstari. Haulizi "ni nyingi?" Anaiona namba. Ikifika kiwango cha hatari, hatua zote zinafanywa kwa pamoja bila kusubiri moja ishindwe kwanza: kusugua mfuko wa uzazi, dawa ya kuubana, asidi ya traneksamiki ya kuzuia damu, maji ya mshipani, na kumkagua mama kutafuta chanzo, na kuita msaada inapobidi.

Palipotumika mpango huo, kutokwa damu kupita kiasi kuligunduliwa kwa wanawake 93 katika kila 100 waliokuwa nako. Palipoendelea na mazoea, ni takriban nusu tu waliogunduliwa. Madhara makubwa, yaani kupoteza damu lita moja au zaidi, kupasuliwa au kufariki kwa sababu ya damu, yalishuka kutoka takriban 4.3 hadi 1.6 katika kila wanawake 100. Mwishoni mwa mwaka huohuo jopo la WHO liliingiza utaratibu huo katika mapendekezo yake. Dawa nyingi kati ya hizo hazikuwa mpya. Kilichokosekana kilikuwa njia rahisi ya kuona tatizo, na mazoea ya kuchukua hatua zote kwa pamoja.

Ushauri kwa mgonjwa na anayemuuguza

Kwanza, usimdharau tabibu anayefungua kitabu au simu mbele yako ili kuhakikisha kipimo cha dawa. Tumezoea kusema "huyu hajui, anasoma." Anayesoma anakupa ujuzi wa maelfu ya wagonjwa waliokutangulia. Wa kutiliwa shaka ni yule ambaye hajafungua mwongozo tangu alipohitimu.

Pili, uliza kwa heshima, na uliza maswali yenye majibu. Mimi huenda na manne: "Daktari, tiba hii ndiyo iliyo kwenye mwongozo wa wizara kwa hali kama yangu? Kuna njia nyingine? Tukisubiri kwanza, nini kinaweza kutokea? Nikiona dalili gani nirudi haraka?" Yaandike kwenye karatasi kabla hujaondoka nyumbani, maana mbele ya meza ya daktari watu wengi husahau. Daktari mwema hachukii maswali hayo.

Tatu, daktari akiamua kutofuata mwongozo, usihukumu mara moja. Mwongozo umeandikwa kwa wagonjwa wengi, na wewe unaweza kuwa tofauti: una ujauzito, figo zako zina shida, unatumia dawa nyingine, dawa iliyopendekezwa haipo. Muulize sababu tu. Mwenye sababu ataitaja.

Nne, sema ukweli wote. Jopo lilipopendekeza dawa lilidhani mgonjwa atasema anachotumia. Ukificha mitishamba, dawa za duka la jirani au vidonge vya shinikizo la damu ulivyoacha mwezi uliopita, mwongozo bora kabisa unaweza kukudhuru.

Tano, ukisikia redioni kwamba mwongozo wa ugonjwa wako umebadilika, usiache dawa wala usianze mpya peke yako. Nenda kliniki, sema ulichosikia, uliza kama kinakuhusu.

Sita, kama una saratani au ugonjwa mwingine mzito, uliza: "Kesi yangu imejadiliwa na wataalamu wangapi?" Katika hospitali kubwa, mpasuaji, daktari wa saratani, mtaalamu wa picha na yule wa maabara anayesoma vinyama hukaa pamoja kumjadili mgonjwa mmoja kabla ya kisu au mionzi. Kikao hicho kinaweza kubadili mpango mzima wa tiba. Kama ulipo hakipo, uliza kama vipimo vyako vinaweza kupelekwa pale kilipo.

Ushauri kwa tabibu na muuguzi kijana

Wewe uliye zahanati peke yako, bingwa wa karibu yuko mbali kilomita nyingi, mwongozo ndiye mwenzako wa zamu. Hakikisha una toleo la sasa. Tazama mwaka kwenye jalada kabla ya kutazama kipimo cha dawa. Usikariri tu, tafuta sababu ya kila pendekezo, kwa kuwa anayejua sababu hutambua mgonjwa ambaye pendekezo halimhusu.

Fanyeni jopo lenu hapo mlipo. Kikao cha asubuhi cha robo saa kinatosha, wakubwa na wadogo wakiwa na ruhusa sawa ya kusema. Mama au mtoto akifariki, kaeni mpitie alivyopokelewa, alisubiri wapi, kifaa gani kilikosekana. Msitafute wa kumlaumu. Palipo na lawama watu huficha, na kilichofichwa hakirekebishwi. Muuguzi wa usiku ameona yale ambayo daktari wa asubuhi hakuyaona. Mpeni nafasi ya kwanza.

Na mkiona mwongozo hautekelezeki, kwa mfano dawa haifiki au kipimo hakipo, andikeni na kupeleka wilayani. Wanaoketi mezani hawawezi kurekebisha wasiloambiwa.

Kuhusu wataalamu wa simuni

Kila siku simu zetu hupokea sauti za "daktari bingwa" anayetangaza tiba ambayo wenzake eti wameificha. Kabla hujaisambaza, ipime kwa vipimo vilevile vya jopo. Anayesema ni mmoja au ni wengi waliokaa na kubishana? Anauza anachokisifu? Ametaja waliopona tu, au pia walioshindwa kupona na walioumia? Ujumbe una tarehe? Anaeleza unamfaa nani na haumfai nani? Dawa inayosemekana kutibu kila mtu na kila ugonjwa haijawahi kupita mbele ya jopo lolote la kweli.

Bibi yetu yule, miezi kadhaa baadaye, alikuwa msibani akasikia mwanamke akilalamika kwamba mjukuu wake hakutundikiwa dripu hospitalini. Nilidhani atamuunga mkono. Akamuuliza, "Alikuwa anaharisha?" Yule akasema hapana. Bibi akamwambia, "Basi kesho ukienda, kamwombe nesi akufungulie kile kitabu."

Nawe msomaji, ukifika hospitali safari ijayo, fanya kama bibi. Salimia, eleza, kisha omba kitabu kifunguliwe. Yaliyoandikwa humo yamegharimu maisha ya watoto wa Muheza, Kilifi na Mbale. Ni haki yako kuyasikia.